Sifuri isiyo sifuri

Najua kesho kuna jaribio na wengine bado mnahangaika na vitini, lakini leo naomba niwape historia ya sifuri moja tu iliyokaa ndani ya kompyuta karibu miaka mitatu bila kuhesabu kitu chochote.

Linux wengi mnaijua. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kama sisi, Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Kiini chake, yaani keneli, ndicho kinachozigawia programu kumbukumbu ya mashine, na hesabu yake inaonekana kwenye faili la /proc/meminfo: kumbukumbu yote ni kiasi gani, iliyobaki ni kiasi gani, na kadhalika.

Zamani palikuwa na mstari unaoitwa MemShared, kumbukumbu inayotumiwa na programu zaidi ya moja kwa pamoja. Kwenye toleo la 2.2 la mwaka 1999, ili kuipata namba hiyo keneli ilipitia kumbukumbu ukurasa mmoja mmoja ikihesabu watumiaji. Kwenye kompyuta zetu za kawaida ukurasa ni kilobaiti 4, hivyo mashine ya megabaiti 64 ina kurasa 16,384. Hapo sawa. Lakini gigabaiti 1 ni kurasa 262,144! Na programu kama top inauliza kila baada ya sekunde chache. Ni kama mwalimu aite majina ya shule nzima kila mtu anapochungulia dirishani kuuliza, "leo mko wangapi?"

Basi toleo la 2.4 lilipotoka Januari 2001, hesabu ile ikaachwa. Ila mstari haukufutwa! Ulibaki na 0 yake, maana kulikuwa na programu za zamani zilizouzoea. Hapo ndo utata ulipoanza. Mtu anaandika amri ya free, anaona safu ya shared ina 0, anadhani mashine ina kasoro. Kumbe 0 ile haisemi "hakuna", inasema "hatuhesabu tena". Mwongozo wa free ukaja kuonya kwamba safu hiyo isiangaliwe.

Toleo la 2.6 lilipotoka Desemba 2003, mstari ukaondolewa kabisa. Desemba 2009 toleo la 2.6.32 likaleta mstari mwingine, Shmem, na siku hizi safu ya shared kwenye free inachukua namba huko. Jina lile lile, hesabu nyingine! Na mwaka 2020, toleo la 5.8 likaacha kuhesabu NFS_Unstable... mstari ukabaki na 0 vile vile.

Kwa nini nalivalia njuga? Nikiwa mazoezi ya kufundisha nilijaza matokeo ya kidato cha pili kwenye kompyuta. Binti mmoja alikuwa amelazwa siku ya mtihani, nami nikamwekea 0 ili jumla ikubali. Akashika mkia. Baba yake akaja na ripoti mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, mwanangu hajui hata kuandika jina lake?"

Jamani, niliona aibu. Siku hizi naandika "hakufanya", hata kama jumla itagoma.

Haya, ngoja nikasome. Tuonane kwenye jaribio!