Kicheko cha Robo Dola

Katika mji wa San Francisco, kwenye gati nambari 45 ambako wavuvi wa kaa hufunga vyombo vyao, lipo jumba ambamo bibi mmoja hucheka kwa malipo. Jina lake ni Laffing Sal. Ni sanamu iliyofinyangwa kwa karatasi na gundi, urefu wake wapita futi 6, nywele zake nyekundu, na ana pengo katika meno ya mbele. Asipopewa kitu husimama kimya ndani ya kabati lake la kioo. Itumbukizwapo sarafu, kiwiliwili huinama na kuinuka, mikono hupunga, na kicheko hutoka kwa kishindo hata mtoto asiyemzoea hurudi nyuma. Muda wa sarafu ukiisha, bibi hunyamaza.

Jumba hilo huitwa Musée Mécanique, jina la Kifaransa lenye maana ya makumbusho ya mashine. Limekusanya mashine zaidi ya 300, nyingi za mwisho wa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20: piano zijipigazo, wapiga ramli wa nta, mikono ya chuma ya kushindana nayo nguvu, na vijumba vya vioo ambamo vikaragosi hucheza dansi. Katika makumbusho mengi mgeni hulipa mlangoni, kisha huambiwa asiguse kitu. Hapa mlango ni bure, na kila kitu kimewekwa kiguswe. Kinachotakiwa ni sarafu tu.

Mapatano haya baina ya sarafu na mashine ni ya kale kuliko mji wenyewe. Katika karne ya 1 baada ya Masihi, Heron wa Iskandaria alieleza chombo cha kuwekwa hekaluni ili kiwape waumini maji ya kujitakasia. Mtu alitumbukiza sarafu ya drakma 5 katika tundu la juu. Sarafu iliangukia kisahani kilicho mwisho wa wenzo; upande huo ukashuka, upande wa pili ukainua kizibo, na maji yakatoka. Sarafu ilipoteleza kutoka kisahanini, wenzo ulirudi mahali pake na maji yakakatika. Kipimo cha maji kilikuwa muda wa sarafu kuteleza, wala hapakuhitajiwa mtu wa kusimama pale na kusema basi.

Elimu ya Heron haikuzikwa pamoja naye. Kitabu chake cha umakanika kimetufikia kwa Kiarabu, kwa kazi ya mfasiri Qusta ibn Luqa wa Baalbek katika karne ya 9. Laiti si tafsiri hiyo, tungebakiwa na vipande tu vya Kiyunani. Mwaka 1206 al-Jazari, fundi wa watawala wa Kiartuqi huko Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha vyombo vya hila. Mlikuwamo saa iliyobebwa na tembo, na watumishi wa kuundwa waliomtolea bwana wao maji ya kutawadhia na taulo la kujifutia. Lakini ajabu hizo zilikuwa za barazani kwa mfalme. Mchukuzi wa bandarini na muuza kuni hawakuwa na njia ya kuziona zikienda.

Tundu la sarafu ndilo lililowafungulia mlango watu wa namna hiyo, na waliolitumia kwanza hawakuwa na nia moja. Mwaka 1822 Richard Carlile, mchapishaji wa London aliyekuwa kifungoni kwa ajili ya vitabu vyake, aliweka dukani mtambo wa kuuza vitabu vilivyopigwa marufuku. Mnunuzi alielekeza mshale kwenye jina la kitabu, akaweka fedha, na kitabu kikashuka. Hila yake ilikuwa kwamba mashine haiwezi kushitakiwa. Serikali haikushindwa na hila hiyo. Watu wa duka lake waliendelea kukamatwa. Ila fikra yenyewe yastahili kukumbukwa: palipo na hofu ya kusema, mtu alitafuta chuma kiseme badala yake.

San Francisco iliingia katika habari hii tarehe 23 Novemba 1889. Siku hiyo Louis Glass aliweka katika baa ya Palais Royale santuri ya Edison iendeshwayo kwa umeme wa betri, yenye mipira minne ya kusikilizia. Kila mpira ulikuwa na tundu lake, na kila tundu lilidai senti 5. Watu wanne wakasimama wakizunguka sanduku moja, kila mmoja amelipia sikio lake. Kabla ya nusu mwaka kwisha, mashine hiyo ilikuwa imeingiza zaidi ya dola 1,000. Kuajiri wapiga muziki nyumbani lilikuwa jambo la tajiri; sasa kibarua aliweza kumkodi mwimbaji kwa dakika mbili.

Mjini humo humo, mwishoni mwa karne hiyo, Charles Fey, mhamiaji kutoka Bavaria, aliunda Liberty Bell, mashine ya kamari yenye magurudumu matatu ya picha. Kengele tatu zikilingana, mchezaji alipata senti 50. Zisipolingana, na mara nyingi hazikulingana, alibaki na tamaa ya kujaribu tena. Tetemeko la mwaka 1906 na moto uliolifuata viliteketeza karakana ya Fey, na mwaka 1909 mji ukapiga marufuku mashine za namna hiyo. Watengenezaji walijibu kwa hila: wakadai kwamba mashine zao huuza ubani wa kutafuna, wakaweka picha za matunda badala ya karata. Matunda hayo yangali yakizunguka katika majumba ya kamari hadi leo.

Basi sarafu ilileta neema na hasara kwa tundu lile lile, na jumba la gati nambari 45 halifichi hata moja. Zimo mutoskopu, masanduku ya picha zipatazo 850 zilizopangwa duara, ambazo mtazamaji huzizungusha kwa mkono hadi zionekane kutembea. Imo michezo ya vijiti vya kuchokonolea meno, kazi ya wafungwa wa gereza la San Quentin, lililo ng'ambo ya ghuba: walioyaunda magurudumu hayo ya sherehe hawakuwa na ruhusa ya kwenda kuyapanda. Ipo mashine ya kunyonga: sarafu huingia, milango hufunguka, kikaragosi hudondoka, milango hufungwa. Lipo na pango la kasumba, ambamo Wachina wamechongwa ili wachekwe, katika nchi ambayo kwa sheria ya mwaka 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Mtu aliyelipa senti moja kuliona pango hilo hakununua kicheko peke yake; alinunua na dharau iliyofungwa ndani yake. Kuzitupa mashine hizi kungekuwa kuficha ushahidi. Kuziendesha bila kufikiri ni kuurudia mzaha.

Aliyezikusanya ni Edward Zelinsky, mtoto wa mji huo, aliyezaliwa mwaka 1922 na kuanza kununua mashine za senti akiwa na umri wa miaka 11. Alizipata nyingi pale ambapo wenziwe waliona vyuma chakavu. Bustani ya michezo ya Playland, kando ya bahari, ilipofungwa mwaka 1972, Laffing Sal alipoteza kazi yake. Huko alikuwa akicheka bure juu ya mlango, ili kuwavuta wapita njia waingie. Chambo cha jana ndicho bidhaa ya leo. Mkusanyiko ukakaa miaka mingi chini ya mkahawa wa Cliff House, kisha mwaka 2002 ukahamia gatini. Zelinsky alifariki mwaka 2004, na mwanawe akaendelea na kazi. Tarehe 23 Mei 2020 moto ulizuka kwenye gati hilo, ukateketeza ghala kubwa pamoja na mitego ya kaa iliyokuwa riziki ya wavuvi. Jumba la mashine lilinusurika.

Hatari ya pili haina moshi. Tarehe 12 Novemba 2025, huko Philadelphia, zilipigwa sarafu za mwisho za senti moja kwa ajili ya matumizi ya watu, baada ya sarafu hiyo kutolewa tangu mwaka 1793. Kuitengeneza kulikuwa kumefikia gharama ya karibu senti 4. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa maana ya hayo: pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, iliyopigwa mwaka 1299 Hijria na kuchorwa mizani upande mmoja, leo hutafutwa na wakusanyaji, wala hainunui hata kitumbua. Mashine nyingi zilizozaliwa kwa senti moja sasa hula robo dola, na kizazi kinachokua kinalipa kwa kugusisha simu.

Hata hivyo, kinachozihifadhi mashine hizi si kufuli. Kila sarafu huzichakaza kidogo: meno ya magurudumu hulika, kamani hulegea, nguo za vikaragosi hupauka. Lakini sarafu hiyo hiyo ndiyo inunuayo mafuta, kamani mpya na siku ya kazi ya fundi. Mswada wa utenzi uliofungiwa sandukuni huepukana na vidole vya watu, wala hauepukani na mchwa. Unaosomwa huchanika pembe, na beti zake zikahamia vifuani. Jioni, wageni wakishatoka, masanduku ya fedha hufunguliwa na sarafu huhesabiwa. Asubuhi mtoto mwingine atainua mkono hadi kwenye tundu, na bibi mwenye pengo ataanza tena kucheka.