Ofafa ni Nani?

Kamati ya jubilei iliniomba niandike kidogo kuhusu mtaa uliotulea, Kaloleni na majirani zake, tunapotimiza miaka 50 ya kwaya yetu. Nilikuwa nimeanza na reli iliyofika Kisumu Desemba 1901, ikaleta wafanyakazi wa kila lugha. Nimeiacha kwa sababu ya mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili. Tulikuwa tukipita nje ya Ukumbi wa Ofafa, akaniuliza, "Mwalimu, Ofafa ni kampuni?"

Si kampuni. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na kiongozi katika Luo Union. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, alipigwa risasi Nairobi akafa. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Ker wa Luo Union, alisimamia mchango wa kumjengea ukumbi wa kumbukumbu, na watu wetu waliokuwa vibaruani katika miji ya mbali wakatoa walichokuwa nacho.

Wa pili ni Grace Onyango, mwalimu (hapo niruhusuni nijivune kidogo). Wadi ya Kaloleni ilimchagua diwani. Meya Mathias Ondiek alipofariki mwaka 1965, Grace akashika kiti chake, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meya Kenya. Mwaka 1969 wapiga kura wa Kisumu Mjini wakampeleka Bungeni. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuchaguliwa mbunge nchini kabla yake. Alikaa humo hadi 1983. Mama mmoja wetu wa alto, aliyekuwa msichana siku hizo, husema baba yake alicheka aliposikia habari za meya mwanamke. Miaka minne baadaye, mzee huyohuyo aliamka alfajiri kwenda kumpigia kura.

Mama Grace alifariki Machi 2023. Ondiek tunamtaja kila siku bila kumjua, maana mtaa na barabara vina jina lake. Lumumba nayo ni ya Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa 1961.

Nayaandika haya kwa haraka kidogo. Nyumba za zamani za Makasembo zimeshabomolewa kupisha maghorofa. Waimbaji wetu kadhaa wamehamia mbali, na nauli ya kuja mazoezi ya Jumamosi imekuwa mzigo kwao. Tangu jubilei ianze kupangwa tumewazika wazee wawili ambao sikuwahi kuwauliza lolote.

Kwa hiyo, yeyote mwenye picha ya zamani ya mitaa hii, au ya kwaya ikiimba popote, aniletee baada ya ibada. Nitatoa nakala na kumrudishia yake siku hiyohiyo. Andika nyuma kwa penseli majina ya waliomo, hata kama unadhani kila mtu anawafahamu.

Katibu wa Kwaya