Kura ya Hapana na Daftari la Meli

Misigiri ni njia panda. Ukitoka Singida mjini kuelekea Nzega, barabara ya kulia inakupeleka Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Ukinyoosha, unateremka mlima Sekenke hadi Shelui na mbuga ya Wembere. Malori ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita hapa usiku na mchana. Mimi nimeifuata njia hii kinyume chao, kutoka bara kwenda pwani, nikitafuta jibu la swali moja: nchi isiyokuwa na bomu hata moja ina kazi gani katika kamati za kuzuia silaha za maangamizi?

Jibu linaanzia chini ya mlima. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walifungua mgodi wa dhahabu Sekenke. Vita vilipowafungia bahari na sarafu zikawaishia, dhahabu hiyo ikapelekwa Tabora. Mwaka 1916, katika karakana ya reli, zikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Jasho la wachimbaji wa Iramba likawa fedha ya vita ambavyo hakuna aliyewauliza kama wanavitaka.

Miaka isiyofika 30 baadaye mambo yakajirudia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa kipimo cha kutisha. Katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kampuni ya Wabelgiji ilichimba mawe yenye urani nyingi isiyo na mfano. Tangu 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zilikuwa ghalani New York, zikisubiri mnunuzi. Jeshi la Marekani likazinunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Katanga.

Kwa hiyo Afrika ilipojitawala, haikuingia katika mjadala wa nyuklia kama mgeni. Ufaransa ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, Februari 1960. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walitangaza kwamba bara hili lisiwe na silaha za nyuklia. Lakini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulipofika mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, tarehe 12 Juni 1968, nchi 95 zilisema ndiyo, 21 hazikuelemea upande wowote, na nne zikasema hapana: Albania, Cuba, Zambia na Tanzania.

Kura hiyo haikutokana na kulipenda bomu. Mkataba uliziruhusu nchi tano kubaki na silaha zao kwa ahadi ya kuzungumzia kuzipunguza, huku wengine wote wakitakiwa kuapa wasizitengeneze. Kusini, serikali ya makaburu ilikuwa na urani, wataalamu na marafiki wenye nguvu. Hofu kwamba nayo ingeunda bomu haikuwa ndoto: Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alikiri kwamba Afrika Kusini ilikuwa imeunda mabomu sita, kisha ikayavunja.

Mwalimu Nyerere hakuishia kwenye kukataa. Mei 1984 aliungana na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki kuzitaka dola zenye nyuklia zisitishe majaribio na utengenezaji. Mwaka 1991 Tanzania ikajiunga na mkataba ilioukataa, mwaka ule ule ilipojiunga Afrika Kusini. Mwaka 1996 Mkataba wa Pelindaba ukafunguliwa kutiwa saini, na Afrika nzima ikaelekea kuwa eneo lisilo na silaha hizo.

Nikiwa Manyoni, bado ndani ya Mkoa wa Singida, nilikuwa juu ya ardhi ambayo kampuni za kigeni ziliipima kutafuta urani miaka ya 2000, kama zilivyofanya jirani Bahi, kwenye mashamba ya mpunga. Wakati huo huo diplomasia yenyewe ilikuwa inabadilika. Mapema 2004 mwanasayansi wa Pakistan, A. Q. Khan, alikiri kuuza utaalamu wa nyuklia. Sehemu ya biashara hiyo ilipitia Dubai. Tarehe 28 Aprili Baraza la Usalama likapitisha Azimio 1540, linaloitaka kila nchi itunge sheria, itunze hesabu ya vitu vya hatari, ilinde mipaka na itoe taarifa kwa kamati maalumu. Tanzania ilipoingia Baraza la Usalama, 2005 na 2006, ikiwakilishwa na Balozi Augustine Mahiga, ilikaa katika kamati hiyo pamoja na wajumbe wengine 14.

Mtihani ulikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 2012, Iran ikiwa imebanwa na vikwazo kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia, meli zake za mafuta zilianza kupeperusha bendera ya Tanzania. Zilisajiliwa kwa mamlaka ya Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Serikali ilikanusha kwanza. Baada ya malalamiko ya mbunge wa Marekani Howard Berman na uchunguzi, meli 36 zikafutwa katika daftari. Januari 2018 Serikali ililazimika tena kusimamisha usajili wa meli za nje na kuchunguza zaidi ya 400, safari hii kwa tuhuma za silaha na dawa za kulevya.

Nchi iliyothubutu kuyakatalia mataifa makubwa hadharani mwaka 1968 iliponzwa na fomu ambayo hakuna aliyeisoma vizuri. Kura ya hapana ilihitaji balozi mmoja jasiri. Azimio 1540 linahitaji mpimaji wa mionzi anayelipwa kwa wakati, askari wa forodha anayejua anachokitafuta kwenye kontena, na msajili anayeuliza mwenye meli ni nani kabla ya kupokea ada. Wakipatikana hao, maneno yetu ya New York yatakuwa na uzito. Wasipopatikana, hotuba nzuri haitaizuia meli hata moja.