Mapishi bila gluteni

Mapishi bila gluteni ni namna ya kuandaa vyakula pasipo kutumia ngano, shayiri, rai wala bidhaa zinazotokana na nafaka hizo. Gluteni ni protini iliyomo ndani ya nafaka hizo. Katika ngano imeundwa hasa na gliadini na glutenini. Mapishi haya ni ya lazima kwa watu wenye ugonjwa wa siliaki, kwa kuwa tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Katika Afrika ya Mashariki vyakula vingi vya asili havina gluteni: ugali wa mahindi, wali, ndizi, viazi, muhogo, maharage, samaki na nyama. Ugumu uko kwenye vyakula vya ngano ambavyo familia nyingi huvipenda, kama vile chapati, maandazi, sambusa, kaimati na tambi.

Sababu za kiafya

Kwa mgonjwa wa siliaki, gluteni huufanya mfumo wa kinga ushambulie ukuta wa utumbo mwembamba. Vijidole vidogo vinavyofyonza virutubishi hulika na kuwa bapa. Matokeo yake yanaweza kuwa kuhara, tumbo kujaa gesi, upungufu wa damu, mifupa dhaifu na, kwa watoto, kudumaa. Ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi fulani, hivyo ndugu wa damu wa mgonjwa hushauriwa kupimwa pia.

Siliaki ni tofauti na mzio wa ngano, ambao mgonjwa wake huepuka ngano lakini mara nyingi anaweza kula shayiri na rai.

Mtu anayeshuku kwamba ana siliaki hashauriwi kuacha gluteni kabla ya kupimwa. Vipimo vya damu na vya kipande cha utumbo hutafuta athari za gluteni. Mtu akiwa ameiacha kwa muda, majibu yanaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa ilhali anao.

Historia

Mwaka 1888 daktari Mwingereza Samuel Gee alieleza ugonjwa huu na kusema kwamba tiba yake, kama ipo, ni chakula. Hakujua ni chakula gani. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa Marekani alichapisha taarifa ya kuwatibu watoto kwa mlo wa ndizi mbivu. Wengi walipata nafuu, lakini ilidhaniwa kwamba ndizi ndizo zilizowaponya.

Chanzo kilitambuliwa na daktari wa watoto Willem Karel Dicke wa Uholanzi. Wakati wa njaa ya miaka 1944-1945 mkate uliadimika nchini humo, na wagonjwa wake wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ulirudi. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu yake kuhusu madhara ya ngano kwa wagonjwa hao.

Leo viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinataka chakula kinachouzwa kama kisicho na gluteni kisizidishe miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo.

Kazi ya gluteni katika unga

Unga wa ngano unapokandwa kwa maji, gluteni hufanya utando unaonyumbulika. Utando huo hulishika donge lisikatike linaposukumwa, na hunasa gesi ya hamira ili andazi liumuke. Unga usio na gluteni hauna utando huo, kwa hiyo haitoshi kubadilisha unga peke yake; ni lazima kutafuta kitu kingine cha kushikilia. Njia zinazotumika ni hizi:

- Maji yanayochemka: wanga ukiiva kidogo huwa na mnato, na donge huweza kusukumwa.
- Wanga wa muhogo: huongeza mnato na ulaini.
- Mayai au ndizi mbivu iliyopondwa: hufaa kwa keki na vyakula vya kukaanga.
- Maganda ya mbegu za isabgol: hutoa ute unaofanana kwa kiasi na utando wa gluteni. Kijiko kimoja cha chai hadi viwili hutosha kwa kikombe cha unga.

Unga wa mchele, mtama, ulezi (wimbi), mawele, mahindi na dengu hauna gluteni kwa asili.

Vyakula vya familia na mbadala wake

Chapati. Chapati yenye matabaka hutegemea gluteni, hivyo haiwezi kuigwa kikamilifu. Iliyo rahisi ni chapati ya maji, ambayo uji wake mzito wa unga wa mchele au mtama huchanganywa na yai na kuachwa kwa takribani nusu saa kabla ya kumiminwa kwenye kikaango. Kwa chapati ya kusukuma, unga wa mchele humwagiwa maji yanayochemka yenye chumvi, karibu kikombe kwa kikombe, hufunikwa, kisha hukandwa ungali na moto. Waislamu wa pwani ya Malabar nchini India hupika hivyo mkate wao uitwao pathiri.

Maandazi. Unga usio na gluteni hushindwa kushika gesi, na andazi hutoka zito. Wapishi wengi huona ni heri kupika vitumbua au mkate wa kumimina, ambavyo tangu asili hutengenezwa kwa mchele ulioloweshwa na kusagwa, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Mapishi yanayoongeza ngano kidogo yaepukwe.

Mkate. Mofa, mkate wa pwani unaotengenezwa kwa unga wa mtama, ni mfano wa mkate wa zamani usiohitaji ngano.

Sambusa na katlesi. Manda za sambusa ni za ngano. Nyama ileile iliyokolezwa viungo inaweza kuwekwa ndani ya viazi vilivyopondwa na kukaangwa kama katlesi, ikipakwa yai tu bila chenga za mkate. Bajia za dengu au kunde zinafaa pia.

Urojo. Mchuzi wake kwa kawaida huongezwa uzito kwa unga wa ngano. Unga wa dengu hufanya kazi hiyohiyo.

Bokoboko. Hupikwa kwa ngano nzima na nyama. Huko Omani, arsia ni chakula kinachokaribiana nacho, lakini hupikwa kwa mchele na nyama vikapondwa pamoja.

Gluteni iliyofichika

Gluteni hupatikana pia katika mchuzi wa soya, soseji, supu za pakiti, kababu zilizochanganywa na mkate, bia ya shayiri na hing iliyochanganywa na unga wa ngano. Unga wa uji wa lishe mara nyingine huwa na ngano ndani yake, hivyo orodha ya viungo isomwe kila mara.

Chakula salama kinaweza kuchafuliwa pia. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano hubakiza unga wake. Mafuta yaliyokaanga sambusa hayafai kukaangia viazi vya mgonjwa. Chungio, kibao cha kusukumia na mwiko wa mbao ni vigumu kusafishika kabisa, hivyo familia hushauriwa kuwa na vya pekee. Familia inapokula kwenye sinia moja, mgonjwa hupakuliwa kwanza, au sinia nzima huandaliwa bila ngano. Njia hii ya pili humwezesha mtoto mgonjwa kula na wenzake badala ya kutengwa. Futari ya muhogo, viazi vitamu au ndizi za nazi haihitaji badiliko lolote.

Lishe

Mlo wa mchele mweupe na wanga mtupu huweza kupungukiwa nyuzinyuzi, madini ya chuma na vitamini za kundi B. Upungufu huo huzuiwa kwa kubadilisha nafaka, hasa mtama na ulezi usiokobolewa, pamoja na maharage, mboga za majani na samaki.

Tazama pia

- Ngano
- Mtama
- Chapati
- Vitumbua