Mahakama ya Askari wa Zamani

Tarehe 18 Novemba 1988 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapa askari wa zamani wa Marekani kitu ambacho karibu kila raia mwingine mwenye mgogoro na serikali alikuwa nacho: jaji wa kumsikiliza. Kabla ya hapo, aliyerudi vitani na mguu mbovu, mapafu yaliyoharibika au akili isiyotulia alipeleka madai ya mafao ya ulemavu kwa idara inayoshughulikia askari wa zamani. Akikataliwa, alikata rufaa kwenye bodi iliyokuwa ndani ya idara hiyo hiyo. Bodi nayo ikikataa, safari iliishia hapo.

Mlango wa mahakama ulifungwa mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Sheria ya kubana matumizi ya Machi mwaka huo ilipunguza mafao na kutamka kwamba uamuzi wa idara ni wa mwisho. Miezi minne baadaye Rais Franklin Roosevelt akaunda Bodi ya Rufaa kwa amri yake. Bodi ilisikiliza watu wengi na kazi yake haikuwa bure, lakini hakuna mtu wa nje aliyekuwa na mamlaka ya kuiuliza imefikaje kwenye uamuzi wake.

Wakili naye hakupatikana kirahisi. Sheria ya 1864, ya enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa imeweka ukomo wa ada yake kuwa dola 10. Nia ilikuwa njema, kuwakinga askari na mawakili walafi, ila ukomo huo haukuwahi kupandishwa. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya nchi hiyo bado iliuona halali. Dola kumi, kwa kazi ya kusoma jalada lenye mamia ya kurasa za vyeti vya hospitali na barua za makamanda!

Waliosukuma mabadiliko zaidi ni askari wa zamani wa vita vya Vietnam. Baadhi ya vyama vikongwe vilisita kwa miaka mingi, vikihofia kwamba mawakili na majaji wangeuvuruga utaratibu uliozoeleka. Bunge lilipokubali hatimaye, mahakama mpya ilifunguliwa Washington mwaka 1989, Jaji Mkuu wake wa kwanza akiwa Frank Nebeker. Jina inalotumia leo, Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Madai ya Askari wa Zamani, ililipata mwaka 1999. Majaji wake huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, kwa kipindi cha miaka 15. Na kuna jambo moja katika sheria yake ambalo nalipenda sana: askari akishindwa kwenye Bodi anaweza kwenda mahakamani hapo, lakini akishinda, idara haina ruhusa ya kumfuata huko.

Kazi yake kubwa ilianza mapema. Katika kesi ya Gilbert ya mwaka 1990 mahakama iliishikia bango kanuni iliyokuwepo tangu zamani: pande mbili za ushahidi zikilingana uzito, ushindi ni wa askari. Ikaongeza kwamba Bodi haiwezi kusema tu “ushahidi hautoshi”. Iandike ni ushahidi upi imeuamini, upi imeukataa, na kwa nini. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Colvin, iliwakataza wajumbe wa Bodi kujifanya madaktari: maoni ya kitabibu yatoke kwa wataalamu na yawemo kwenye jalada.

Uzito wa masharti hayo unaonekana ukikumbuka moto wa Julai 1973 katika ghala la kumbukumbu za jeshi huko St. Louis, ulioteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Mtu aliyeumia mgongo mwaka 1944 angethibitishaje? Mwaka 1991 mahakama ilisema kwamba kumbukumbu zikipotea mikononi mwa serikali, Bodi ina wajibu mzito zaidi wa kueleza uamuzi wake. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa hukumu zake za haki kabisa.

Haikuwa hivyo siku zote. Askari mmoja wa vita vya Korea, aliyeachishwa jeshi kwa ugonjwa wa skizofrenia, alichelewa siku 15 kuwasilisha rufaa yake, na ugonjwa huo huo ndio aliosema ulimchelewesha. Mahakama ilimfungia mlango ikisema siku 120 zilizowekwa haziongezeki. Machi 2011, katika kesi ya Henderson dhidi ya Shinseki, Mahakama Kuu ilitengua msimamo huo kwa kauli moja. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, na mjane wake ndiye aliyeiendeleza kesi.

Vifo vya namna hiyo ni jeraha la mfumo mzima. Mahakama hii haisikilizi mashahidi. Husoma jalada, na mara nyingi ikiona kosa hulirudisha kwa Bodi lisikilizwe upya. Majalada yamezunguka hivyo kwa miaka, wenye nayo wakizeeka. Sheria ya 2017, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2019, ilifungua njia tatu za kupinga uamuzi wa awali ili kupunguza mzunguko huo. Miongoni mwa askari hao wa zamani wamo pia vijana waliozaliwa Afrika Mashariki, wakahamia Marekani na kuvaa sare za jeshi lake. Haki hizi ni zao vilevile.

Machi 2025 kanuni ya Gilbert ilirudi mezani. Katika kesi ya Bufkin, majaji saba wa Mahakama Kuu walisema mahakama hii isiingilie jinsi Bodi ilivyopima uzito wa ushahidi isipokuwa kosa liwe dhahiri. Wawili, Ketanji Brown Jackson na Neil Gorsuch, walipinga: Bunge, mwaka 2002, liliiagiza mahakama iiangalie kanuni hiyo kwa makini zaidi ya hapo. Mimi niko upande wa hao wawili.