Majogoo wa Chelsea na Kioo cha Kuzuia Kelele

Mwaka 1853, katika mtaa wa Chelsea jijini London, mwandishi Thomas Carlyle, aliyekuwa ameshika kazi ndefu ya kuandika tarikhi ya Mfalme Frederick wa Prussia, aliwaita waashi na maseremala wamjengee, juu kabisa ya nyumba yake, chumba ambacho hakuna sauti ya mtu wala ya ndege ambayo ingeweza kukifikia. Majogoo wa jirani walimkatiza usingizi, piano ya nyumba ya pili ilimkatiza tafakuri, na mkewe Jane, mwanamke hodari wa maneno na mwenye subira isiyo kifani, alikuwa amekwisha kwenda mara kadha wa kadha kuwasihi majirani wawaondoe hao ndege wao.

Chumba kikajengwa: kuta mbili mbili zenye nafasi ya hewa baina yake, paa la sleti, njia za kuingizia hewa, na badala ya madirisha ya ubavuni pakawekwa kioo kikubwa cha paani kilichokabili mbingu, ili nuru iingie na barabara isionekane. Gharama yake ilikaribia pauni 170, mali isiyo haba kwa mtu aishiye kwa kalamu. Kazi ilipotimia, sauti za majogoo zilififia kweli. Lakini zikamjia sauti za mbali ambazo zamani hakuzitia maanani, miluzi ya magari ya moshi, kengele za makanisa, na vishindo vya vyombo mtoni Thames, hata chumba cha ukimya kikawa ndicho chenye kelele kupita vyote nyumbani. Hata hivyo aliandikia humo humo mpaka kitabu kilipokamilika mwaka 1865.

Nionavyo mimi, maskini Carlyle alikitaka kioo kitende jambo ambalo kioo cha zama zake hakikuliweza. Uingereza ilikuwa imefuta ushuru wa kioo mwaka 1845 na kodi ya madirisha mwaka 1851, na watu walikuwa wakizifungulia nyumba zao nuru kwa furaha, wala hawakuona kuwa mlango ule ule wa nuru ulikuwa pia mlango wa kelele. Maana sauti ni mtikisiko wa hewa, na kioo chepesi kikipigwa na hewa itikisikayo hutikisika pamoja nayo, kikaupeleka mtikisiko huo upande wa pili. Ukiuongeza uzito wa kioo maradufu, wataalamu wa sauti hukadiria kuwa kelele hupungua kiasi cha desibeli 6 tu, ilhali sikio la mwanadamu haliihesabu kelele kuwa imepungua nusu mpaka zipungue desibeli 10 hivi. Watu wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa kuta zenye unene upatao dhiraa moja, waliupata utulivu wa ndani pamoja na sitara na ubaridi waliokuwa wakivitafuta; lakini ni nani awezaye kuweka kioo cha dhiraa moja dirishani?

Wengine waliitafuta faraja katika sheria. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza, kwa juhudi za mbunge Michael Bass, lilipitisha sheria ya kuwazuia wapiga muziki wa barabarani, na miongoni mwa waliotia saini kuiunga mkono walikuwamo Carlyle mwenyewe na Charles Dickens. Sioni kosa lao, kwani anayepiga kelele naye ana wajibu wake.

Dawa ya kioo ilikuja kwa njia ya mbali. Husimuliwa kwamba mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara, ikapasuka bila kutawanyika, kwa kuwa dawa iliyokaukia ndani ilikuwa imeacha utando ulioshika vigae pamoja. Mwaka 1909 akajipatia hataza ya vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando katikati, azma yake ikiwa ni kuwasalimisha wasafiri wa motokaa. Baadaye ikabainika kuwa utando laini wa plastiki uliowekwa mahali pale pale huumeza mtikisiko wa sauti kabla haujavuka.

Kisha zikaja ndege za jeti. Huko Uingereza, kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir Alan Wilson ilitoa ripoti yake juu ya kelele mwaka 1963, na mwaka 1966 wakazi wa jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, London, wakaanza kupewa ruzuku ya kuweka dirisha la pili nyuma ya lile la kwanza. Baina ya madirisha hayo hutakiwa nafasi inayokaribia shubiri, na vioo vyake afadhali vihitilafiane unene, ili mtikisiko unaopita kwa wepesi katika kimoja uzuiliwe na cha pili. Na kwa kuwa dirisha la namna hiyo likifunguliwa halina faida yoyote, ilibidi vyumba hivyo vitiwe feni za kuingizia hewa.

Basi ewe msomaji unayejenga kando ya barabara kuu ya Mombasa au ya Dar es Salaam, kabla hujatoa fedha kununua kioo kinene, mwambie fundi akuoneshe namna atakavyoziba nyufa zipitishazo kelele pembezoni mwa fremu na chini ya mlango, na pili, umuulize hewa itapita wapi.