Kigeuzi cha mafaili ya bechi

Kigeuzi cha mafaili ya bechi ni programu ya kompyuta inayochukua faili la bechi, yaani faili la maandishi lenye mfululizo wa amri za MS-DOS au Windows, na kulitoa likiwa programu tendaji ambayo jina lake huishia na .exe. Faili la bechi lenyewe huishia na .bat au .cmd, na mtu yeyote anaweza kulifungua kwa Notepad na kulisoma.

Vigeuzi hivi mara nyingi huitwa kompaila, ingawa vingi havistahili jina hilo. Kompaila hutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine. Kigeuzi cha kawaida cha bechi hufungasha tu: skripti ile ile huwekwa ndani ya faili la .exe kama barua ndani ya bahasha. Anayechagua kigeuzi ili kuficha nywila anapaswa kuijua tofauti hii kwanza.

Historia

Mafaili ya bechi yalikuwepo tangu MS-DOS ya mwaka 1981, ambamo yalisomwa na COMMAND.COM mstari kwa mstari. Windows NT ya mwaka 1993 ilileta cmd.exe, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo.

Mwaka 1990 jarida la Marekani PC Magazine lilitoa BAT2EXEC, kazi ya Douglas Boling. Hiyo ilikuwa kompaila kweli: ilitoa faili la .com lenye maagizo ya mashine, na skripti zenye mizunguko mingi zilienda kasi zaidi. Lakini mafaili yake ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiyaendeshi kabisa. Kwa kuwa Windows 11 ipo kwa biti 64 tu, BAT2EXEC imebaki kuwa jambo la historia.

Namna vinavyofanya kazi

Programu iliyotengenezwa na kigeuzi cha kisasa ikibofywa, kwa kawaida hufungua skripti iliyofichwa ndani yake, huiandika katika folda ya muda ya mtumiaji (%TEMP%), humwita cmd.exe aiendeshe, kisha huifuta. Kwa hiyo kasi haiongezeki, na cmd.exe bado inahitajika.

Jaribio la kuthibitisha hili ni rahisi. Mwandishi aweke amri pause katikati ya skripti, aigeuze, aiendeshe, na wakati programu inasubiri afungue folda ya %TEMP%. Mara nyingi atakuta skripti yake pale, nzima, inasomeka hadi herufi ya mwisho. Vipo vigeuzi vinavyosimba skripti ndani ya .exe, lakini cmd.exe haisomi maandishi yaliyosimbwa. Lazima yafumbuliwe kabla ya kutekelezwa, na hapo ndipo yanapoonekana.

Folda ya muda huleta kosa jingine. Alama %~dp0, ambayo ndani ya skripti humaanisha folda lilimo faili lenyewe, baada ya kugeuzwa inaweza kumaanisha folda ya muda. Skripti iliyokuwa ikitafuta orodha ya wanafunzi kando yake haiioni tena. Vilevile, .exe ya biti 32 ikiendeshwa kwenye Windows ya biti 64 huelekezwa folda ya SysWOW64 badala ya System32, na baadhi ya amri hazimo humo.

Matumizi nchini Tanzania

Katika shule na ofisi za Dodoma, kama kwingine nchini, flashi husafiri kuliko watu. Mtihani huandikwa shuleni, hupelekwa steshenari kuchapwa, na flashi hurudi na kirusi kinachoficha mafolda na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Mwalimu huona flashi tupu na kudhani kazi ya muhula imepotea, kumbe imefichwa tu. Dawa inayojulikana ni mstari mmoja:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

ambapo E ni herufi ya flashi. Amri hiyo hurudisha mafaili yaonekane, lakini haiui kirusi. Mafundi wengi huiweka katika faili la bechi ili mtumiaji abofye tu, na wengine huligeuza kuwa .exe lipate picha yake na lisiharibiwe na mtu aliyelifungua kwa bahati mbaya. Kwa kazi hii kigeuzi chochote kinafaa, kwa sababu hakuna siri ya kulinda. Hata .bat tupu inatosha, na ina faida moja: mpokeaji anaweza kuisoma kabla ya kuiamini.

Hali ni tofauti kwa skripti inayonakili alama za wanafunzi kwenda kompyuta ya ofisi kwa amri net use, ikiwa na nywila ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye udadisi anahitaji dakika chache kuipata. Nywila isiwekwe humo hata kidogo. Ni afadhali folda ipewe ruhusa kwa akaunti ya mtumiaji mhusika, au skripti iulize nywila kila mara.

Kuchagua kigeuzi

IExpress huja na Windows yenyewe, hivyo haihitaji intaneti wala malipo. Huitwa kwa kuandika iexpress katika kisanduku cha Run. Penye amri ya kuendeshwa iandikwe cmd /c ikifuatwa na jina la faili, la sivyo kifurushi kinaweza kushindwa kufanya kazi. Haifichi kitu: 7-Zip hukifungua kifurushi chake bila shida.

Bat To Exe Converter ni maarufu zaidi. Huruhusu kuchagua biti 32 au 64, kuweka picha na kuficha dirisha jeusi. Quick Batch File Compiler huuzwa kwa leseni. Neno kompaila katika jina lisimzuie mnunuzi kufanya jaribio la pause lililotajwa juu.

Tatizo linalovikumba karibu vyote ni programu za kukinga virusi. Waandishi wa virusi nao hutumia vigeuzi hivi, hivyo .exe isiyo na kosa hushukiwa na kufutwa. Kumwambia mtumiaji azime kinga ni ushauri mbaya, hasa kwenye kompyuta zinazopokea flashi za kila mtu. Saini ya kidijitali husaidia, lakini cheti chake hulipiwa. Anayegawa skripti kwa shule chache atapata usumbufu mdogo zaidi akiiacha kama .bat.

Dirisha lililofichwa nalo litumike kwa uangalifu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia programu zilizoundwa kwa ajili ya kutenda kosa, na skripti inayochukua mafaili ya mtu kimyakimya haiwi halali kwa kuwa imegeuzwa.

Njia mbadala

Skripti ikishakuwa ndefu, ni bora kuiandika upya. PowerShell ina kigeuzi chake, PS2EXE, ambacho nacho ni kifungashio. Go na C hutoa lugha ya mashine kwa kweli. Kwenye Linux, skripti za ganda hufungashwa kwa shc, na humo pia maandishi ya awali yanaweza kupatikana wakati programu inaendeshwa.